Drafti na Mama Mkwe

Kiangazi kile nilikaa ndani wiki tisa nikiwa nimefungwa macho yote mawili. Mimi ni fundi rangi, naishi Mikumi, na chokaa ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa namwagia maji mawe ya chokaa ndani ya pipa ili yalainike, kazi niliyokuwa nimeifanya miaka mingi, nikainama kuchungulia kama yameiva. Miwani ya kazi ilikuwa imekaa juu ya kofia. Chokaa ikatokota, ikanirukia machoni. Fundi mwenzangu alinikamata kichwa akanimwagia maji ndoo kwa ndoo, na daktari alisema baadaye kwamba bila yale maji ningepofuka siku ileile.

Hospitali walinipa dawa ya matone, wakanifunga bandeji, wakaniambia nikae mahali penye giza na nirudi kila baada ya wiki mbili. Nilipouliza kama nitaona tena, daktari alinijibu kwa upole kwamba tusubiri. Nilirudi nyumbani nimeshika bega la mke wangu, nikijikwaa kwenye kizingiti nilichokijenga mwenyewe.

Mke wangu anapika kwenye kambi moja ya watalii karibu na hifadhi. Kiangazi ndipo wageni wanapojaa, kwa hiyo kuomba ruhusa ya wiki nyingi ilikuwa sawa na kuacha kazi. Binti yetu alikuwa bweni. Mama yangu mzazi alishafariki, na dada yangu wa Kilangali alikuwa katikati ya mavuno. Mke wangu akasema atamleta mama yake. Nikamwambia haiwezekani.

Wanaojua mambo ya ukwe watanielewa. Mama yake ni mtu wa milimani, juu ya Kilosa, Mwanglikana wa kanisa kila Jumapili, mwenye kushika heshima za zamani kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Mimi nilizaliwa Zombo, huko tambarare, na kwetu pia mkwe hatazamwi usoni. Katika miaka kumi na minne ya ndoa sikuwahi kukaa naye chumba kimoja wala kumwona akila. Tukikutana njiani nilimpisha nikiwa nimeinamisha kichwa, naye alivuta kanga ikamfunika hadi kwenye pua. Nilimwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba baba, basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote. Sasa mtu huyo aje anipikie na kunifulia, nami nikiwa kama mtoto mchanga?

"Hutamwona," mke wangu alisema. "Umefungwa macho."

Akaja kwa basi na kapu la ndizi na mfuko wa maharage. Akapewa chumba cha nyuma, kinachopakana na changu. Nyumba yetu haina dari, na ukuta wa katikati umeishia usawa wa juu ya mlango, hivyo kikohozi cha chumba kimoja husikika kingine. Akawa anaweka sinia la chakula mlangoni kwangu, anakohoa kidogo, anaondoka. Nilitambaa nikapapasa sinia nikala. Matone ya asubuhi na jioni aliniwekea mke wangu; ya mchana nilijifunza kujiwekea mwenyewe nikiwa nimelala chali, nusu yakiishia masikioni.

Siwezi kusema kwamba sikuwa na burudani. Redio ilikuwepo. Nilisikiliza mpira, nilisikiliza vipindi vya salamu, nilisikiliza hata matangazo ya vifo vya watu wa mikoa nisiyowahi kufika. Televisheni ilinishinda siku ya pili, maana vichekesho vingi ni vya mtu kuanguka, na mimi nilisikia kishindo na kicheko bila kujua aliyeanguka ni nani. Rafiki zangu walikuja wiki ya kwanza kila siku, wiki ya pili mara mbili. Walikuwa wakicheza drafti barazani kwangu kama zamani ili nisikie, lakini mchezo wa drafti ukiusikiliza tu ni vizibo vya soda vinavyogongwa kwenye ubao na watu wanaotambiana. Walipoacha kuja sikuwalaumu.

Na zilikuwepo raha ndogondogo ambazo nilizifahamu kabla sijafahamu zinatoka kwa nani. Uji wa ulezi uliotiwa ukwaju. Muwa wa kutoka Ruhembe uliomenywa na kukatwa vipande vidogo, ukawekwa kwenye bakuli ili nisihangaike nao gizani. Mchana, upepo ulipokuwa ukileta vumbi na majivu ya majani yaliyochomwa, kuna mtu alilowesha kanga akaitundika dirishani kwangu kwa nje, na chumba kikapoa kikanukia kitambaa chenye maji. Nilipomuuliza mke wangu kama ni yeye, alisema yeye mchana yuko kazini, nifikirie mwenyewe.

Wiki ya tatu, mchana mmoja, nikasikia vizibo.

Vilikuwa vinagongwa polepole upande wa pili wa ukuta. Ko. Kimya kirefu. Ko. Nikajua ule ni ubao wangu, na nikajua hakuna mgeni ndani, kwa sababu hapakuwa na maneno. Nilisikiliza mpaka mwisho, vizibo vikakusanywa, vikaanza tena kupangwa. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu sikuvumilia.

"Mama," nilisema kwa sauti ya chini, nikiwa nimeukabili ukuta. "Unacheza na nani?"

Nikajuta hapohapo.

"Peke yangu, baba," akajibu. "Nimekusumbua?"

Nikamwambia hapana, hajanisumbua, ila nilitamani kujua nani ameshinda. Akasema walikuwa hawajashindana bado. Tukaishia hapo. Jioni nilimsimulia mke wangu. Akacheka akasema nimeota, mama yake hajui drafti, amjuavyo yeye anajua jembe, kanisa na biashara ya chai aliyokuwa akiifanya zamani pale karibu na stesheni ya Kilosa.

Kesho yake, alipomaliza kuosha vyombo, nikasikia akivuta kigoda upande wake. Akaniuliza, kwa heshima zote, kama ningependa kucheza. Nilimkumbusha kwamba sioni. Akasema hilo analijua, na kwamba nikae tu nisikilize anavyouita ubao. Akanieleza. Ubao una safu nane, na kila safu ina nyumba nne nyeusi, maana nyeupe hazichezewi. Safu yangu ya kwanza ni ile iliyo karibu nami, ya nane ni ile iliyo karibu naye. Nyumba zote tunahesabu kutoka kushoto kwangu. Kwa hiyo mtu, yaani kete, wa safu ya tatu, nyumba ya pili, anaitwa tatu mbili. "Ukimsogeza mbele utaniambia, tatu mbili, nne mbili. Nami nitamsogeza kwa niaba yako. Sitakuibia."

Wazo kwamba mama mkwe angeweza kuniibia kete lilinichekesha, na nilikuwa sijacheka tangu siku ya chokaa.

Mchezo wa kwanza nilipotea kabla hatujafika mbali. Picha ilikuwa inakuja nusu, kama ukuta uliopigwa rangi upande mmoja, nikitaja nyumba ambayo haina mtu au nikimpeleka mtu juu ya mwenzake. Hakunicheka. Alisema, "Hapo pana mtu wako, baba," nami nikajaribu tena. Alinila wote. Siku ya pili alinila wote. Nilikuwa mchezaji wa kutajika barazani kwangu, nikadhani tatizo ni macho.

Lakini kitu kilianza kutokea. Siku moja, kama ya tano au ya sita, alitaja sita tatu, tano tatu, na nikamwona. Nasema nikamwona kwa sababu sina neno jingine. Ndani ya lile giza kizibo kilisogea, na nyuma yake nikaona nyumba aliyoiacha wazi, na mbele yake mtu wangu aliyekuwa sasa hatarini. Ubao wote ulikuwa pale, mweusi na mweupe, ukiwa na kingo safi kuliko ubao wowote niliowahi kuuona kwa macho. Niliogopa kupumua. Nilidhani nikitikisika utamwagika. Tulicheza mchana kutwa, nikashindwa, na nilipolala jioni ule ubao ulikuwa bado pale.

Tangu siku hiyo nilikuwa naamka nikiusubiri mchana. Mke wangu akiaga, najibu haraka haraka ili aende. Nilikula, nikaweka matone, nikasogeza mto ukutani. Sauti ilipotoka upande wa pili ilikuwa si ile ya shikamoo na marahaba. Ilikuwa sauti ya mtu aliye kazini kwake, fupi, isiyo na haraka. Wakati mwingine aliimba tenzi za Kisagara kwa kunong'ona huku akifikiri, na nikijaribu kumtega, alinyamaza katikati ya ubeti, nami nikajua ameshauona mtego.

Wiki ya tano akapiga hodi kijana mmoja jirani, mwenye gereji ya pikipiki. Nilimsikia akiongea na mama mkwe barazani, kisha akaja mlangoni kwangu kunipa pole. Akasema amerudisha ubao wetu wa drafti, anashukuru sana, samahani wamekaa nao karibu wiki mbili.

Nikamuuliza ubao upi. Akasema huuhuu, na vizibo vyake vyote kwenye mfuko, mama alimpa siku ile alipokuja kuuomba.

Alipoondoka nilibaki nimekaa kitandani. Nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilisikia vizibo vikigongwa. Nilichokumbuka ni kinu. Nilikumbuka mchele ukipepetwa kwenye ungo, maharage yakichambuliwa, maji yakimiminwa, na juu ya sauti hizo zote sauti yake ikisema saba moja, sita mbili. Wiki mbili alikuwa anatwanga kisamvu na kuniua.

"Mama," niliita. "Tulikuwa tunachezea wapi?"

"Hapahapa, baba."

Mimi nilijiona nimefika kwa kuushika ubao kichwani huku nikiamini kwamba upande wa pili uko wa mbao, unaonisaidia nikisahau. Kumbe hapakuwa na ubao popote. Kila mtu aliyekufa, kila mtu wangu aliyefika safu ya mwisho nikaomba avishwe kingi, vyote vilikuwa hewani kati ya vyumba viwili, na aliyevishikilia visianguke alikuwa mwanamke aliyekuwa akiangalia chungu kisiungue.

Mchana ule hatukucheza. Nilimuuliza alijifunzia wapi, na kwa mara ya kwanza alizungumza nami kwa kirefu. Alisema alipokuwa akiuza chai na maandazi karibu na stesheni, makuli na abiria waliokuwa wakisubiri treni walicheza drafti kwenye benchi lililokuwa mbele ya meza yake. Treni zilichelewa, watu walicheza sana. Yeye alisimama na birika akatazama. Mwaka wa kwanza alitazama tu. Baadaye akawa anajua nani atashindwa kabla wenyewe hawajajua. Siku moja alimwonyesha mzee mmoja njia ya kutokea. Mzee akamwambia achunge sukari isije ikamwagika, na benchi zima likacheka. Hakusema tena kitu.

"Nikifunga biashara, nilikuwa napanda mlima na ule mchezo kichwani," alisema. "Naucheza upya, namwonyesha aliyeshindwa alipokosea. Nafika nyumbani sijachoka."

Nikamuuliza mumewe alisemaje. Akasema hakumwambia. Watoto je? Nao hakuwaambia, wangefikiri mama yao anazungumza peke yake njiani.

"Kwa hiyo umecheza na nani miaka yote hii?"

"Wewe ndiye wa kwanza," alisema, kisha akainuka, akaenda kutazama moto.

Nimewahi kupaka rangi kanisa lenye mnara mrefu, nikasimama juu ya ngazi nikaitazama Kilosa yote chini yangu, mto na reli na mashamba. Nilichohisi mchana ule kilifanana na kile, isipokuwa safari hii nilikuwa chini natazama juu.

Wiki ya sita nilirudi hospitali. Daktari aliangalia jicho la kulia akaridhika, aliangalia la kushoto akasema lina kovu na nisitegemee sana. Hata la kulia hakuliahidi. Nilirudi nikageukia ukuta mwingine, ule usio wa mama mkwe. Chakula kilirudi kama kilivyokuja. Mke wangu alilia akidhani sisikii. Nilifikiria kazi yangu, mstari ulionyooka unavyokatwa kati ya rangi mbili, na nilifikiria kushikwa bega maisha yangu yote.

Mama mkwe hakunipa pole wala hakuniombea kwa sauti. Siku ya kwanza hakusema kitu. Siku ya pili alianza kucheza peke yake, akitaja watu wa pande zote mbili, wake na wangu. Wake aliwacheza kama kawaida. Wangu aliwacheza vibaya. Aliwapeleka mbele ovyo, aliwaacha bila mtu wa nyuma, aliwalisha mmoja mmoja kama mtu anayetupia kuku mahindi. Nilijifunika shuka kichwani nisisikie. Siku ya tatu alimsogeza mtu wangu wa pembeni, nyumba ambayo hata mtoto asingempeleka.

"Mama, huyo asiende hapo," nilisema.

"Aende wapi?"

"Arudi. Aende yule wa tatu tatu."

"Basi mpeleke."

Nikampeleka. Nilishindwa mchana ule, nikala ugali wote, nikaomba na muwa.

Sikuwahi kumshinda. Ila wiki ya nane tulicheza mchezo mmoja ulioanza baada ya chakula na kufika saa kumi na moja jioni. Malori yalikuwa yakipunguza mwendo kule barabara kuu, nyani walikuja nyuma ya jiko wakapiga kelele zao, hakuna aliyeinuka kuwafukuza. Tulibaki na kingi mmoja mmoja. Tulizungushana kimyakimya, kila mmoja akijua mwenzake hakamatiki. Mwishowe mama upande wa pili akasema, "Sare, baba," na nikasikia pumzi ikimtoka, kama mtu aliyetua mzigo. Mke wangu alifika akatukuta wote wawili kimya, akauliza kuna msiba gani.

Wiki iliyofuata bandeji zilitolewa. Jicho la kulia liliona, mwanzoni likitiririka machozi, halafu vizuri. La kushoto huona kama mtu anayetazama nje kupitia mfuko wa nailoni, na ndivyo lilivyo hadi leo. Nilipoingia nyumbani mama mkwe alikuwa barazani. Aliponiona nikitembea bila kushikwa alivuta kanga ikamfunika, akapita upande wa jiko. Nami niliinamisha kichwa. Sikupanga kufanya hivyo. Shingo ilijiinamia yenyewe. Alikaa nasi siku nne zaidi, na katika siku hizo nne hakuna aliyetaja namba hata moja. Nilikuwa nikikaa karibu na ule ukuta mchana nikiwa na macho yangu, nikimsikia akipepeta mchele, na nilitamani sana niombe tucheze, nikashindwa. Naye, nadhani, alishindwa.

Mvua zilikuwa zinakaribia milimani na shamba lake lilikuwa halijalimwa. Nilimsindikiza stendi, mimi mbele na mizigo, yeye nyuma. Basi la Kilosa lilipokuja nilimpandishia kapu, nikasema asante mama, kwa yote. Akajibu akitazama pembeni kwamba nisiache kuweka dawa.

Nikiwa narudi nilipita pale gereji. Walikuwa wanacheza, wanne watano wa barazani kwangu wa siku zote, wakanikaribisha kwa shangwe wakanipisha mahali. Kati yao alikuwepo mmoja ambaye tangu nihamie Mikumi nilimfunga kwa kubahatisha tu. Nikacheza naye. Nilitazama ubao kidogo, halafu nikagundua sihitaji, nikatazama barabara. Nilimfunga. Akasema tuanze tena, nikamfunga. Mara ya tatu watu walikuwa wamesimama, na kabla hajashika kizibo nilikuwa najua atakishika kipi, na nilijua atakaposhindwa, na nilijua mapema mno. Sikuhisi furaha ya kushinda. Nilikuwa nawaza kwamba mimi, niliyewafanya watu hawa wanyamaze, nimeshindwa wiki sita mfululizo na mtu aliyekuwa akikatakata vitunguu. Nilikuwa sijui ninacheza na nani. Nilikuwa kama mtu aliyeogea mtoni gizani, asubuhi akaona upana wake.

Jioni mke wangu alimpigia mama yake kuuliza kama amefika. Alikuwa amefika, na mvua ya kwanza ilikuwa imeshaanza kule. Waliongea, kisha nikaomba simu. Mke wangu alinitazama kwa mshangao, maana sijawahi kuomba simu hiyo. Nikaamkia, akaitikia. Nikamwambia nimecheza gereji leo michezo mitatu, nimeshinda yote. Nikasikia mvua ikipiga bati upande wake.

"Walianzaje?" akauliza.

Nikafumba macho, nikaanza kumtajia, tangu mtu wa kwanza.